Nyumba ya Mama Wakwe

Nimekaa nyuma ya meza ya mapokezi ya gesti moja hapa Kisumu kwa miaka kumi na tisa, na swali nililowauliza watu kuliko yote halikuwa la siku ngapi watakaa. Nilikuwa nauliza: "Unakuja na nani, na huyo ni nani wako?" Wapo waliocheka. Yupo bwana mmoja wa Nairobi aliyenifokea kwenye simu, ati kwani mimi ni polisi au ni kasisi. Nikamwacha amalize kelele zake, halafu nikamwuliza tena. Mimi mambo ya kazi sioni haya.

Niliuliza kwa sababu hapa kwetu mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Waluo wameshika hivyo, na sisi watu wa Vihiga tumeshika hivyo hivyo. Mama yangu mzazi alikufa bila kulala hata siku moja kwa mume wangu. Kijijini hilo si tatizo, maana mgeni hupelekwa nyumba ya jirani na maisha yanaendelea. Lakini mjini mtu anapanga vyumba viwili ghorofa ya tatu, choo kimoja, na ukikohoa upande huu wa ukuta unasikika upande ule. Sasa mke akijifungua na mama yake aje kumtunza, huyo mama atalala wapi? Alikuwa analala kwetu. Gesti yetu iko mwendo mfupi kutoka hospitali, na nusu ya wanawake wazima niliowapokea miaka hiyo yote walikuwa mama wakwe wa mtu.

Nyuma ya gesti, ukipita kamba za kuanikia mashuka, kuna nyumba ndogo ya vyumba viwili, ina mlango wake na njia yake. Mdosi wangu, mwenye gesti, alikuwa ameijenga iwe stoo. Yeye alitoka upande wa Mlima Kenya akiwa kijana, akauza mitumba soko la Kibuye mpaka akapata kiwanja, na alitaka kuweka mabeli yake ya nguo humo. Nilimsihi mwezi mzima aiache iwe ya kulaza mama wakwe. Kwao mambo haya huenda si mazito kama kwetu, lakini alinisikiliza, na tangu siku hiyo wafanyakazi wote tukaiita nyumba ya mama wakwe. Mkwe naye akihitaji pa kulala nilimweka jengo la mbele, upande wa barabara. Nilijua hata saa za chai: mama anakunywa saa moja, mkwe anakunywa saa mbili, wasikutane mlangoni mwa chumba cha kulia. Hakuna mtu aliyenifundisha kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kuisifu, na mimi sikutaka sifa.

Halafu ikaja mashine.

Mdosi aliiita msaidizi. Alituketisha wote, mimi, mpishi na dada wa usafi, akatueleza kwamba msaidizi huyu hana mwili, yuko ndani ya kompyuta, anapokea simu, anajibu ujumbe, anagawa vyumba, anapanga bei, anamtumia dada wa usafi kazi zake moja kwa moja kwenye simu, na halali usingizi. Vitasa vya milango vikabadilishwa, vikawa vya namba. Mgeni anatumiwa namba yake hata kabla hajatoka kwao. Nikamwuliza, "Na mimi, Mzee, nitafanya nini?" Akasema nitatabasamu. Alisema kwa nia njema, lakini nilitamani kumrushia kile kitabu changu cha wageni.

Jambo ambalo hakutuambia ni kwamba wageni nao wana wasaidizi wao. Mtu yuko Siaya anakula ugali wake, anaiambia simu, nitafutie chumba Kisumu, kisha anaendelea kula. Simu yake inazunguka mahoteli yote, inauliza, inabishana, inachagua, inalipa. Kwa hiyo kwenye kioo cha kompyuta yangu nilikuwa nasoma mashine ya mgeni ikiongea na mashine yetu. Yao inasema, tunashukuru kwa jibu lenu la haraka. Yetu inajibu, ni furaha yetu kuwahudumia. Furaha! Nani hapo amefurahi? Katika mazungumzo yote yale mtu mwenye damu nilikuwa mimi peke yangu, na hakuna aliyeniita.

Mwanzoni nilipigana. Kila nikiona watu wawili wazima kwenye orodha, nilikuwa napiga simu kuuliza swali langu. Baada ya wiki chache mdosi akaniita ofisini. Mashine ilikuwa imeniandikia alama mbaya, kosa langu likiwa kumsumbua mgeni. "Mama," akaniambia, "watu wa siku hizi hawapendi kupigiwa simu. Kama wamemaliza na mfumo, wamemaliza." Nikamkumbusha kwamba wahenga walisema kuuliza si ujinga. Akacheka, akasema wahenga hawakuwa na washindani mtaa wa pili. Basi nikaacha kupiga simu. Nalisema hili mapema, nisije nikajifanya malaika huko mbele.

Nilifanya jaribio moja tu la mwisho. Kijana wa kampuni ya mashine, yuko Nairobi na sijawahi kumwona uso, alinielekeza mahali pa kuandika maelezo ya ziada. Nikaandika kwa herufi kubwa: NYUMBA YA NYUMA NI YA MAMA WAKWE. MKWE ASIWEKWE HUKO KAMWE. Mashine ikanijibu, asante kwa maelezo mazuri! Nikafurahi kama mjinga. Wiki iliyofuata nikaenda kutazama kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni ilikoyapeleka maelezo yangu mazuri. Pameandikwa: nyumba tulivu ya bustanini, yenye faragha, chaguo bora kwa familia na wapendanao. Bustani gani, jameni? Nyuma kule kuna mistari mitatu ya sukuma wiki na bomba linalovuja. Nilipompigia yule kijana, akaniambia kwa upole kwamba neno faragha linauza sana. Na kweli liliuza. Maharusi wakaanza kuja. Mama wakwe wakawa wanawekwa popote palipobaki, na wengine wakaacha kuja kabisa, na mdosi akapaka ile nyumba rangi ya waridi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi. Mjini kulikuwa na mkutano mkubwa wa wafanyakazi wa serikali, vyumba vyote vimejaa. Asubuhi niliona kwenye orodha: nyumba ya nyuma, watu wazima wawili, familia, siku kumi na nne. Jina lililotangulia lilikuwa la mwanamume. Kidole kilinisogea kwenye simu. Nikakirudisha.

Saa nane mchana akaingia mama mmoja mwembamba, mrefu, amefunga kitambaa cheupe, kiondo kwenye mkono mmoja na debe la unga wa uji kwenye mwingine. Alikuwa amevuka kwa feri kutoka Mbita mpaka Luanda Kotieno, halafu akapanda gari mpaka Kisumu, na bado alikuwa na nguvu za kunisalimia vizuri, kuniuliza hali ya watoto wangu na hata ya mguu wangu, maana aliniona nachechemea. Nikamketisha, nikampa maji.

Akanieleza lililomleta. Binti yake, mtoto wake wa pekee aliyebaki, alikuwa amejifungua kwa upasuaji kabla ya siku zake. Mtoto ni mdogo, ananitosha kiganjani, akasema, ingawa alikuwa bado hajamwona. Kidonda cha binti kilikuwa kimepata usaha na homa haishuki. Wauguzi walikuwa wamesema mtoto wa namna hiyo abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana kutwa, apate joto la mtu. Mama yake mzazi hawezi, mikono inatetemeka. Baba hawezi, wodi ile wanaume huingia saa ya kutembelea tu. "Kwa hiyo wananingoja mimi," akasema, na akajipiga kifua kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepima kama mlango umefungwa. "Kifua ninacho."

Nikamwuliza nani amemtafutia chumba. Akasema mkwe wake, anafanya kazi Usenge kwa wanunuzi wa samaki, kijana mzuri mwenye heshima sana. Nikaangalia orodha: nyumba ya nyuma. Moyo wangu ukatulia. Nikasema ndani yangu, leo mashine imepatia. Jina la mwanamume nikalichukua kuwa la mlipaji tu, na yule mtu wa pili nikadhani ni dada wa mama au jirani, atakuja baadaye. Sikumwuliza! Mimi, ambaye nimeuliza watu miaka kumi na tisa mpaka wakanitukana, niliyekuwa na mama mwenyewe ameketi mbele yangu, sikumwuliza unakaa na nani.

Nikambebea debe, nikampeleka. Dada wa usafi alikuwa amemaliza. Kitandani taulo zilikuwa zimekunjwa kama bata wawili wamegusana midomo, na kuna maua mekundu yamenyunyizwa juu ya shuka, na kadi mezani. Dada huyo hufanya anachotumiwa na simu, simlaumu. Mama akashika mdomo akicheka. "Yaye! Mmenifanya bibi harusi!" Nikacheka naye. Kwani kuna ubaya gani, nikafikiri, mama huyu amesafiri, acha apate hata maua. Ile kadi hakuisoma, miwani yake ilikuwa ndani ya kiondo. Mimi nami sikuisoma. Akaniambia ataoga kwanza, maana hawezi kumshika mtoto mchanga na vumbi la barabara, halafu nimwelekeze njia ya hospitali. Nikarudi mapokezi.

Haikupita nusu saa, kijana mmoja akapita mbele ya meza yangu kwa haraka, begi mgongoni, jicho kwenye simu. Nikamwita, "Kijana, karibu, wewe ni wa wapi?" Akanionyesha simu bila kusimama: namba ya mlango anayo, chumba anakijua. Wageni wa namba hupita hivyo siku hizi, hawatuhitaji. Akaelekea nyuma.

Nikasikia sauti ya mama. Haikuwa kelele ya mwizi wala ya kuungua. Ilikuwa sauti fupi, kama mtu aliyekanyagwa.

Nilikimbia na mguu wangu huo. Kijana alikuwa amesimama nje, uso ameuegemeza ukutani kabisa, mikono kichwani. Mlango uko wazi. Ndani, mama amejikunyata nyuma ya kitanda, maji yanamtiririka mabegani, anavuta lile shuka la maua ajifunike. Nikaingia, nikafunga mlango, nikamsaidia kuvaa. Hakunitazama.

"Ni mkwe wangu," akasema.

Nikamwambia najua. Nilikuwa nimeshajua.

Nilipotoka kijana alikuwa bado ukutani. Akasema bila kugeuka, "Nilisema vyumba viwili, Mama. Walahi nilisema viwili. Ujumbe sikuusoma wote, niliangalia namba ya mlango tu." Akanipa simu juu ya bega lake. Aliiambia simu kweli: mtafutie mama mkwe wangu chumba karibu na hospitali, na mimi pa kulala siku tatu za kwanza. Na chini yake jibu la msaidizi wake lilikuwa limekaa kwa raha zake: nimekupatia ofa nzuri zaidi, nyumba nzima yenye faragha, kwa bei ya wapendanao, umeokoa gharama. Na juu yake ujumbe wa mashine yetu, umeingia nusu saa iliyopita: mwenzako amefika, anakusubiri.

Mwenzako! Nikarudi ndani nikachukua ile kadi. Majina yao mawili yameandikwa pamoja, yamezungushiwa moyo, hongereni kwa mapenzi yenu. Nikaichana vipande, nikavitia mfukoni ili mtu yeyote asivione. Nilikuwa na hasira ambayo sijui niielezeeje. Nilitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na mtu. Hilo ndilo linaloniua hadi leo. Kama ni karani mwenzangu amefanya upumbavu huo, ningemshika kola. Mashine hizi mbili zilizouziana aibu ya mama wa watu hazina kola.

Kijana akasema ataondoka sasa hivi, atalala hata stendi, mama abaki. Nami nikamwambia mama hivyo. Nikamwambia nitabadilisha shuka, nitakaa mlangoni mimi mwenyewe, hakuna mtu mwingine aliyeona. Mama alikuwa ameshafunga kiondo.

"Wewe ni mtu wa huku," akaniambia. "Usinifanye nikueleze."

Sikuhitaji kuelezwa. Kwao, mkwe akiuona uchi wako, jambo hilo halikai kwenu wawili. Linatafuta mtoto. Mpaka wazee wa nyumbani wawape dawa ya mitishamba wewe na yeye, na maneno yasemwe, humshiki mtoto mchanga wa nyumba hiyo, hata akiwa mzima na mnene, sembuse huyu wa kutosha kiganjani. "Mimi ni mtu wa kanisa," akasema, kama mtu anayejitetea mbele ya baraza. "Naomba Mungu kila siku. Lakini nikimweka yule mtoto hapa," akagusa kifua, "halafu afe, nitamwambia nini mtoto wangu? Nitamwambia ni ushirikina tu?"

Sasa nijibu nini hapo? Wapo wenye elimu watakaosema ningembishia. Waje wao wambishie. Mimi nilimwuliza tu ni siku ngapi mpaka wapewe hiyo dawa. Akasema wiki, huenda na zaidi, wazee wenyewe wamesambaa. Akaniachia debe la unga, akaanza kurudi kwao. Akapitia mlango wa nyuma, kando ya sukuma wiki, ili asipite mbele ya mkwe wake, na mkwe akabaki ameangalia ukuta mpaka nilipomwambia amekwenda. Hapo akachutama chini akalia, mwanamume mzima, na begi lake bado mgongoni.

Mdosi alifika saa kumi na moja. Akasoma kila kitu kwenye kioo, akasoma tena, akakuna kichwa. "Mfumo haukukosea, Mama," akasema. "Mgeni ndiye hakueleza vizuri." Akasema tumpe mama kifungua kinywa cha bure akirudi. Nikamwambia, "Mzee, unanijua miaka kumi na tisa. Ungeniacha nipige simu moja, moja tu, mama huyo saa hii angekuwa na mjukuu wake kifuani. Kifungua kinywa chako kimeze wewe." Sijawahi kuongea naye hivyo. Kisha simu yake ikalia: mashine ilikuwa tayari imeiuza tena ile nyumba ya nyuma, kwa sababu mlango ulionyesha hakuna mtu ndani.

Nikaenda jikoni. Nikapika uji wa ule unga, nikautia kwenye chupa ya chai, nikatoka na sare yangu ya kazi, sikuomba ruhusa kwa mtu. Kijana hakuweza kwenda kumwambia mkewe, alisema mdomo wake hautafunguka, na mimi nilimwelewa.

Saa ya kutembelea ilikuwa bado haijaisha. Nikamkuta binti amelalia ubavu, macho yamezama kwa homa. Kando yake kuna kitu kidogo kimefungwa kofia ya sufi na soksi, kimewekewa blanketi, mkono wa mama yake juu yake unatikisika. Hakunijua, lakini aliiona sare yangu, akajaribu kuinuka.

"Wewe ni wa gesti," akasema. "Mama amefika? Simu imeniambia amefika tangu saa nane."

Nilikuwa nimepanga uwongo njiani. Feri imechelewa, mama amechoka, atakuja kesho. Nilipomwona yule mtoto sikuweza. Nikamwambia yote, kwa sauti ya chini, wagonjwa wa pembeni wasisikie. Alisikiliza bila kupepesa. Nilidhani atanilaumu, na ningependa anilaumu. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo aliondoka bila kumwona?"

Nikasema ndiyo.

Akageuza uso upande wa dirisha. Mtoto akaanza kulia, kilio chembamba, na mkono wa binti ulipomtafuta ulimkosa ukaangukia kwenye shuka. Nikaweka chini chupa ya uji. Nikanawa mikono kwenye sinki la wodi mpaka kwenye viwiko, nikafungua vifungo vya sare, nikakaa kwenye kiti. Muuguzi akaja, akamvua mtoto blanketi, akamlaza juu ya kifua changu. Alikuwa baridi kuliko nilivyotegemea.

"Ahsante Mungu," muuguzi akasema huku akitufunga na leso. "Tumekungoja tangu asubuhi. Wewe ndiye nyanya yake?"

"Hapana," nikamwambia. "Nyanya yake tumemfukuza sisi."